Harufu ya kapeti isiyoisha: Chanzo chake, namna ya kuiondoa na makosa yanayohatarisha watoto

Wazazi wengi hupambana na harufu ya mkojo, maziwa au ukungu kwa manukato na jiki. Njia ya kwanza haisaidii, ya pili inaweza kumpeleka mtoto hospitali.

Dar es Salaam. Kapeti limefagiwa, limepuliziwa manukato, hata udi umefukizwa. Nyumba inanukia vizuri jioni hiyo. Lakini mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, harufu ile ile inarudi, na safari hii inaonekana kama imeongezeka.

Kwa familia nyingi zenye watoto wadogo, hasa miji ya pwani ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, hili ni jambo la kila masika. Wengi hulichukulia kuwa ni suala la aibu mbele ya wageni tu. Ukweli ni kwamba lina upande wa afya ambao hauzungumzwi sana: dawa ambazo mzazi humwaga juu ya kapeti akiwa amechoka na harufu, hewa ambayo mtoto anavuta akiwa amelala hapo chini, na mtoto anayechapwa kila asubuhi kwa kosa ambalo si kosa.

Kapeti la sebuleni katika nyumba nyingi si pambo. Mchana ni uwanja wa michezo, saa saba ni meza ya chakula, usiku likitandikwa godoro linakuwa chumba cha kulala cha watoto na wageni. Mtoto anayetambaa huligusa kwa viganja na kisha kuvitia mdomoni. Ndiyo maana kinachoingia kwenye kapeti hilo, iwe uchafu au dawa ya kuuondoa, humfikia yeye kwanza kabla ya mtu mzima anayekaa kwenye kochi.

Kwa nini harufu inarudi

Kapeti lina sehemu zaidi ya moja. Juu kuna manyoya au nyuzi, chini yake kuna mgongo uliofumwa kwa katani au nyuzi za plastiki na kugandishwa kwa gundi, na baadhi ya nyumba huweka sponji au kapeti la plastiki chini kabisa. Kikombe cha maziwa kikimwagika, au mtoto akikojoa, kimiminika hakibaki juu. Kinashuka kwenye mgongo, kinatambaa pembeni, na mara nyingi doa la chini huwa kubwa kuliko linaloonekana juu.

Mzazi akifuta juu kwa kitambaa, anakuwa ameondoa sehemu ndogo tu. Iliyobaki inakauka na kuacha chumvi na mabaki ya protini na mafuta. Hewa inapokuwa kavu, harufu hulala. Unyevu ukipanda, mabaki hayo huvuta maji kutoka hewani, bakteria huamka na kuanza kazi upya, na harufu hupanda tena. Hapo ndipo watu husema kapeti "limerudi na harufu yake".

Jambo jingine ni pua. Mtu akikaa na harufu moja kwa muda, pua huizoea na kuacha kuisikia. Mwenye nyumba anaweza kuamini kwamba tatizo limekwisha wakati mgeni analisikia tangu mlangoni. Njia rahisi ya kujipima ni kutoka nje kwa muda, kisha kurudi na kunusa kabla pua haijazoea tena.

Kwanza tafuta chanzo

Kosa la kwanza ni kuanza kumwaga maji na sabuni kabla ya kujua nini kinanuka na wapi. Kapeti zima likilowa kwa ajili ya doa moja la ukubwa wa sahani, mzazi amejiongezea tatizo la pili, ambalo ni unyevu.

Hatua ya kwanza ni kulitoa kapeti nje kwa siku nzima, kufagia na kudeki sakafu, kisha kufunga mlango na kurudi jioni kunusa chumba. Harufu ikiwa bado ipo, huenda kapeti halina hatia. Inaweza kuwa panya aliyefia nyuma ya kabati, bomba la maji machafu ambalo kifuniko chake kimekauka, kochi lililonywea mkojo, au godoro.

Harufu ikiwa imeondoka na kapeti, hatua inayofuata ni kulinusa kipande kwa kipande, upande wa juu na wa mgongo. Mgongo husema ukweli zaidi. Madoa ya mkojo huonekana kama miduara ya rangi ya kahawia au njano. Kwa kapeti lenye rangi nyingi, tochi yenye mwanga wa zambarau, ile inayotumika kukagulia noti, husaidia: ikiwashwa chumba kikiwa giza, mkojo uliokauka hung'aa. Sabuni nyingine nazo hung'aa chini ya mwanga huo, kwa hiyo pua ndiyo iamue mwisho. Kila doa lizungushiwe chaki ili lisipotee mchana.

Aina ya harufu nayo inaelekeza. Harufu kali inayowasha pua ni ya mkojo uliokaa. Harufu ya uchachu, kama maziwa yaliyoganda au jibini, ni ya maziwa, matapishi au miguu. Harufu ya udongo wa pango au nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi ni ya ukungu. Kila moja ina tiba yake, na tiba ya moja haimfai mwenzake.

Harufu ya mkojo

Mkojo wa mtoto mwenye afya haunuki sana ukiwa mpya. Ukikaa, bakteria huvunja kemikali ya urea iliyomo na kutoa amonia, ndiyo harufu ile inayochoma pua. Hivyo, dakika za mwanzo zina thamani kuliko dawa yoyote ya dukani.

Kwa mkojo mpya, taulo kuukuu au khanga iliyokunjwa iwekwe juu ya sehemu iliyolowa na mtu mzima asimame juu yake kwa miguu. Kitambaa kibadilishwe hadi kisitoke na unyevu. Kapeti lisisuguliwe, kwa sababu kusugua kunausukuma mkojo chini na pembeni. Baada ya hapo, maji baridi kidogo yamwagwe na kukandamizwa tena, mara mbili au tatu. Maji ya moto hayafai, kwani joto husaidia doa kushika kwenye nyuzi.

Kwa mkojo wa siku nyingi, siki nyeupe ndiyo msaada wa kwanza. Amonia ni ya jamii ya besi, siki ni asidi nyepesi, na zikikutana asidi huituliza. Kikombe kimoja cha siki kichanganywe na kikombe kimoja cha maji, kijaribiwe kwanza kwenye kona isiyoonekana kuangalia kama rangi haitoki, kisha kimwagwe kwenye doa kiasi cha kufika pale mkojo ulipofika. Kuipuliza juu juu hakusaidii ikiwa mkojo uko kwenye mgongo. Baada ya dakika kumi hadi kumi na tano, sehemu hiyo ikandamizwe kwa taulo kavu na kapeti lianikwe. Harufu ya siki yenyewe huondoka kapeti likikauka.

Likishakauka kabisa, ndipo inyunyizwe magadi soda, ule unga mweupe laini wa kuumulia maandazi na keki unaouzwa kwenye pakiti au kopo. Ukae usiku kucha na kufagiwa asubuhi au kunyonywa kwa mashine ya vumbi. Unga huu si sawa na magadi ya mawe ya kulainishia maharage, ambayo ni makali zaidi na yanaweza kuharibu rangi na nyuzi. Wala si hamira.

Hapa kuna mkanganyiko unaosambaa sana kwenye makundi ya simu: kwamba siki na magadi soda vichanganywe pamoja vikiwa vinatoa povu, ati povu ndilo linalosafisha. Asidi na besi zikikutana kwenye ndoo, huuana. Kinachobaki ni maji, hewa ya kabonidayoksaidi iliyotoka na povu, na chumvi kidogo. Mchanganyiko huo hauna madhara, lakini umepoteza nguvu ya siki na ya magadi soda kwa wakati mmoja. Kila kimoja kitumike kwa zamu yake, kimoja kikishakauka.

Doa likigoma, kuna sabuni za unga za kufulia zenye vimeng'enya, au enzaimu, ambavyo huvunja protini na mabaki yanayolisha bakteria. Maelezo hayo huandikwa kwenye pakiti. Sehemu yenye doa isuuzwe siki kwanza, kisha sabuni hiyo iyeyushwe kwenye maji ya uvuguvugu na kumwagwa. Maji ya moto sana huharibu vimeng'enya. Vinahitaji muda na unyevu ili vifanye kazi, kwa hiyo sehemu hiyo ifunikwe kwa kitambaa kibichi kwa saa kadhaa, kisha isuuzwe vizuri. Kapeti la sufu halisi lisioshwe na sabuni za aina hii, kwa kuwa sufu yenyewe ni protini na huweza kuliwa nazo.

Maziwa, matapishi na mchuzi

Kwa vitu hivi, kigumu chote kiondolewe kwanza kwa kijiko au kipande cha kadi, kutoka pembeni kwenda katikati ili doa lisitanuke. Kisha maji baridi, si ya moto. Maziwa na mayai yana protini ambayo hugandishwa na joto, kama yai linavyoganda kwenye kikaango.

Baada ya maji baridi, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo yachanganywe kwenye bakuli la maji na kutumika kwa kitambaa ili kuondoa mafuta. Sabuni ikizidi ni tatizo lingine. Isiposuuzwa yote hubaki kwenye nyuzi, hunata, na kukusanya vumbi. Kapeti linalochafuka haraka baada ya kuoshwa mara nyingi lina sabuni ndani yake.

Harufu inayobaki baada ya maziwa na matapishi ni ya asidi, kwa hiyo siki si dawa yake. Hapa magadi soda ndiyo yenye kazi. Inyunyizwe sehemu ikiwa imekauka au ina unyevu kidogo tu, na ikae usiku mzima. Ndivyo ilivyo pia kwa harufu ya miguu na soksi.

Harufu ya ukungu

Hii ndiyo inayohusu afya moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba mwaka 2009, likieleza uhusiano kati ya nyumba zenye unyevu na dalili za njia ya hewa, mzio na pumu. Kwa mtoto mwenye pumu, ukungu na wadudu wadogo wasioonekana wanaoishi kwenye vumbi la kapeti ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kuamsha shambulio.

Mzazi aangalie mpangilio. Mtoto anayekohoa usiku, kupiga chafya mfululizo au kupumua kwa mluzi akiwa sebuleni, lakini akapata nafuu akilala kwa bibi au akiwa shuleni, anatoa taarifa kuhusu chumba hicho. Taarifa hiyo ipelekwe kwa daktari pamoja na mtoto.

Ukungu hauhitaji mengi: unyevu, joto la kawaida na kitu cha kula. Mgongo wa katani ni chakula kizuri kwake, na vumbi la kawaida la nyumbani linamtosha. Ushauri unaotumika sana ni kwamba kitu kilicholowa kikauke ndani ya saa 24 hadi 48, kabla ukungu haujaanza kuota.

Wakati mwingine maji yanatoka chini. Nyumba nyingi zimejengwa bila nailoni chini ya zege, na sakafu huvuta unyevu kutoka ardhini kila masika. Kuna kipimo kisichogharimu kitu: kipande cha nailoni safi kibandikwe juu ya sakafu kwa gundi ya karatasi pande zote nne na kuachwa kwa saa 24. Kikikutwa na matone ya maji upande wa chini, au saruji imebadilika rangi na kuwa nyeusi, unyevu unatoka ardhini. Kapeti likirudishwa hapo, hata likiwa limeoshwa na fundi bora, litanuka tena. Katika nyumba ya namna hiyo, ni afadhali sakafu tupu na mkeka mwepesi unaoanikwa kila siku.

Kapeti la manyoya lililotandikwa juu ya kapeti la plastiki ni mtego mwingine. Plastiki haipitishi hewa, kwa hiyo maji yakipita manyoya hunaswa katikati. Angalau mara moja kwa wiki kapeti la juu liinuliwe na sehemu hiyo ipigwe na hewa.

Mchanganyiko unaoweza kuua

Harufu ikigoma, hasira hupanda na chupa ya jiki hutolewa. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo.

Jiki ni dawa ya klorini. Ikimwagwa juu ya mkojo uliokaa, hukutana na amonia na kutengeneza hewa ya kloramini, ambayo huwasha macho, koo na mapafu. Ikichanganywa na siki, ndimu, au dawa ya choo yenye asidi, hutoa hewa ya klorini yenyewe. Kwa mtoto mwenye pumu, kiasi kidogo tu kwenye chumba kilichofungwa kinaweza kuleta shambulio. Kwa yeyote, kiasi kikubwa ni sumu.

Mfano ni mama aliyemwaga siki asubuhi kwa ushauri wa jirani, akaona haitoshi, mchana akaongeza jiki juu yake kapeti likiwa bado bichi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Hakuna aliyemwambia kwamba vitu hivyo havikutani. Kanuni ni fupi: jiki ikutane na maji peke yake. Na kwa kapeti haifai kabisa, kwani pia hutoa rangi na kula nyuzi za sufu.

Mtu akianza kukohoa, kutokwa machozi au kubanwa kifua baada ya kuchanganya dawa, atoke nje mara moja na watoto wote, milango iachwe wazi, na asirudi kuokoa kapeti. Kupumua kwa shida kukiendelea, aende kituo cha afya na kutaja alichochanganya. Dalili za mapafu zinaweza kuchelewa, hivyo mtoto asilazwe kwa kudhani amepona.

Kosa lingine hutokea masika, pale mzazi anapoingiza jiko la mkaa sebuleni ili kapeti likauke haraka. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Hakuna kapeti lenye thamani ya kujaribu hilo.

Udi, manukato na naftalini

Udi na ubani vina heshima yake katika nyumba za pwani na hakuna anayesema viachwe. Lakini havisafishi. Vinafunika harufu kwa saa chache, na moshi wake unaweza kumsumbua mtoto mwenye pumu. Vivyo hivyo kwa manukato ya kupuliza. Vifukizwe nyumba ikiwa safi, si badala ya kuisafisha.

Vidonge vyeupe vya naftalini ni habari tofauti. Wapo wanaovisambaza chini ya kapeti kuondoa harufu na mende. Mtoto anaweza kuviona kama pipi. Akivimeza, au hata akivuta hewa yake kwa muda mrefu, vinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, hasa kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana kwa wingi katika maeneo yenye malaria. Dalili ni kuchoka, kupauka, macho kuwa ya njano na mkojo mweusi kama kahawa. Hiyo ni dharura. Mafuta ya taa nayo yasimwagwe kwenye kapeti. Huleta hatari ya moto, na mtoto akiyameza huharibu mapafu.

Kukausha ndiyo kazi yenyewe

Mtu anaweza kukosea sabuni na kapeti likapona, lakini akikosea kukausha, kazi yote imepotea. Kapeti lioshwe asubuhi ya siku yenye jua, si Jumamosi jioni ili Jumapili lipendeze.

Likishasuuzwa, likunjwe na kukamuliwa kwa kulikanyaga, au kusukumwa maji kwa ubao ulionyooka kufuata uelekeo wa manyoya. Kisha lining'inizwe juu ya ukuta, kamba imara au reli ya baraza, pasipo kulazwa chini kwenye saruji. Mgongo uanze kuelekea juani, kwani ndio unaochelewa kukauka, kisha ligeuzwe mchana. Kabla ya kurudisha ndani, kiganja kikandamizwe mgongoni na katikati ya manyoya. Kikihisi ubaridi, bado kuna maji.

Wanaopeleka kwa waosha makapeti au sehemu za kuoshea magari waulize mambo mawili: kama wana mashine ya kukamua, na kapeti litakaa juani siku ngapi. Mashine ya presha hupiga maji mengi ndani ya mgongo. Kapeti lililorudishwa siku hiyo hiyo likiwa limekauka juu tu, lenye harufu nzuri ya sabuni, ndilo litakalonuka ukungu baada ya wiki moja.

Kama haiwezekani kulitoa nje, sehemu iliyolowa iinuliwe kwa ndoo iliyogeuzwa au viti viwili ili hewa ipite chini, na feni ielekezwe hapo hadi ikauke.

Mtoto asiadhibiwe kwa mkojo

Katika nyumba nyingi, harufu ya kapeti ina jina la mtoto fulani. Anatajwa mbele ya wageni, anafunguliwa godoro lake nje ili majirani waone, au anachapwa. Wapo wanaoamini aibu itamponya.

Haitamponya, kwa sababu hafanyi makusudi. Kukojoa usingizini ni jambo la kawaida utotoni. Takriban asilimia 15 ya watoto wa miaka mitano bado hukojoa kitandani, na wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Mara nyingi mzazi mmojawapo naye alikuwa hivyo utotoni. Fimbo na matusi humwongezea hofu na kumnyima usingizi.

Kinachosaidia ni kumpeleka msalani kabla ya kulala, kupunguza vinywaji saa za mwisho za jioni bila kumnyima maji mchana, kuepuka chai na soda usiku, na kuweka nailoni chini ya shuka anapolala. Asifiwe siku anayoamka mkavu, na siku anayoamka amelowa asaidie kubeba shuka kama kazi ya kawaida, si adhabu.

Zipo dalili zinazohitaji hospitali. Mtoto aliyekuwa ameacha kwa miezi sita au zaidi kisha akaanza tena achunguzwe. Anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu kinachobana kibofu, au amepatwa na jambo linalomtisha nyumbani au shuleni, ukiwamo ukatili. Akiwa pia na kiu isiyoisha, anakojoa sana na anakonda, apelekwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa hizo ni dalili za kisukari, ambacho huwapata watoto pia. Watoto wenye selimundu nao hukojoa usiku zaidi ya wenzao, kwa sababu figo zao hushindwa kuukoleza mkojo. Wao wanahitaji maji mengi na wasipunguziwe bila ushauri wa daktari.

Lini kapeti litupwe

Kuna kapeti ambalo halioshwi. Lililolowa kwa maji ya mafuriko yaliyochanganyika na ya choo, kama inavyotokea mabondeni kila mvua kubwa, ni salama zaidi kulitupa. Maji hayo hubeba vimelea vya kuhara na kipindupindu, na mgongo wa kapeti hausafishiki hadi ndani. Wanaolibeba wavae viatu na glavu, watoto wakae mbali, na sakafu ioshwe kwa sabuni, isuuzwe, kisha ndipo itumike jiki iliyochanganywa na maji tu.

Litupwe pia lile lenye madoa meusi ya ukungu yaliyoingia hadi mgongoni, lile ambalo mgongo wake unapukutika unga, na lile ambalo limeoshwa na kukaushwa vizuri mara mbili na bado linanuka. Fedha za kuliosha mara ya tatu zitatosha kununua mkeka, ambao mtoto akikojoa unafutwa, unaanikwa, na jioni unatandikwa tena.